Tufe wanaume: tunataka fainali ya shule iendeshwe kama ya dunia, wapi tusikosee?

MwlMichezo_Rungwe

Wakuu, habari za jioni.

Wengi humu mliitazama fainali ya tufe wanaume Tokyo, Septemba 2025. Ryan Crouser wa Marekani mita 22.34, Uziel Muñoz wa Mexico 21.97, Leonardo Fabbri wa Italia 21.94. Fedha na shaba zimetenganishwa na sentimita tatu, upana wa vidole viwili tu. Sasa chukua viwanja vyetu, duara limechorwa kwa chokaa na tepu imelegea. Sentimita tatu hapo mtu anazipata bila hata kutumia nguvu.

Shule kadhaa za huku zinaandaa shindano la tufe la wavulana wa sekondari, na makubaliano ni kufuata kanuni za mashindano makubwa kwa kadiri kiwanja kitakavyoruhusu. Fungu lipo la kujenga duara moja la zege. Ninachoomba kwa wanaoijua kazi hii: duara lijengweje lisizue ugomvi? Upimaji ufanywe vipi? Kwa nini kwenye televisheni tufe linaangukia pazuri kabisa na bado bendera nyekundu inapanda? Wakilingana inakuwaje? Na vijana tuwafundishe kuteleza (kwenda kinyumenyume kwa mstari hadi mbele ya duara) au kuzunguka (kujizungusha mwili ndani ya duara kabla ya kusukuma), maana kule sasa karibu wote wanazunguka.

Jambo jingine, eneo letu lina mteremko. Mnaijua Rungwe.

---

Fundi_Makambako

Mwalimu, nianze na duara, maana ukikosea hapo utapima makosa hayo miaka kumi.

Kipenyo ni mita 2.135, kinapimwa ndani ya pete ya chuma, na kupishana kunakoruhusiwa ni milimita 5 tu. Pete inatengenezwa kwa chuma bapa chenye unene usiopungua milimita 6. Wengi wanaharibu dukani. Pau moja ni mita 6, na mchomeleaji asiyeambiwa kitu ataikunja hiyohiyo aunganishe ncha. Pau ya mita 6 inakupa duara la kama mita 1.90. Kijana anayefanyia mazoezi humo akienda mkoani anakuta duara kubwa kuliko alilozoea, hatua zake zote zinaharibika. Kwa chuma cha milimita 6, kata urefu wa mita 6.73, yaani pau nzima pamoja na kipande cha sentimita 73. Viungo visagwe kwa ndani hadi viwe laini.

Kabla ya kumwaga zege, weka vibanzi viwili vya mbao vikatize ndani ya pete kama msalaba. Zege linasukuma. Bila vibanzi pete inageuka yai, na yai hilo huligundui mpaka siku ya kupima rekodi. Pima kipenyo pande nne, si moja.

Sakafu ya ndani inakaa chini ya ukingo wa pete kwa sentimita 2 (kanuni inaruhusu milimita 14 hadi 26), na ukingo wenyewe uwe sawa na ardhi ya nje. Zege la unene wa sentimita 10 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) litakula mifuko mitatu ya saruji ukihesabu na kinachomwagika. Udongo wa chini ukiwa mlaini, tandika kokoto kwanza na ushindilie.

USIPIGE NIRU, ule ujiuji wa saruji wa kulainishia sakafu. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu fundi wa nyumba akiachwa peke yake atapiga niru na kuing'arisha kama sebule. Niru ikipata umande wa asubuhi ni barafu. Lakini usiache kokoto zimechomoza pia, kwa sababu mguu unaozunguka ukikwama, goti ndilo linalolipa. Sawazisha kwa ubao, ngoja zege lianze kukaza, kisha pitisha ubao tena kwa mduara mwepesi. Ukipapasa kwa kiganja usikie kama msasa mlaini.

Mwagilia siku saba. Kwa baridi ya Juni na Julai ya huku juu saruji inakaza polepole, kwa hiyo lipe wiki tatu kabla mtu hajarukia humo.

Maji: duara lina mita za mraba karibu 3.6, na shimo la sentimita 2 likijaa mvua ni lita 70 hivi. Toboa vitundu vitatu pembeni kwenye usawa wa sakafu, pitisha bomba la nusu inchi chini hadi kwenye kokoto. Usipofanya hivyo kuanzia Desemba utakuwa na bwawa la vyura.

Ubao wa mbele, ule wa kuzuia mguu usitoke duarani, ni wa mbao, mweupe, umefuata mkunjo wa duara. Ncha hadi ncha kwa ndani mita 1.21, upana usiopungua milimita 112, na juu ya sakafu ya duara sentimita 10. Mkunjo wake una kina cha karibu sentimita 19, kwa hiyo ukitaka kuukata kwenye ubao mmoja unahitaji ubao wa upana wa sentimita 30. Huo ni shida kupata, bora ugundishe vipande vitatu au vinne. Paini ya Sao Hill inafaa ikiwa imekauka. Mkaratusi mbichi utajipinda mwezi wa pili. Funga kwa bolti kwenye zege. Ubao unaocheza ukikanyagwa ni kesi isiyokwisha.

Halafu acha msumari au skrubu ndogo katikati kabisa ya duara, kichwa chake kilingane na sakafu. Wapimaji watakushukuru.

---

BenderaMbili_Iringa

Kamwene wadau. Fundi kamaliza yake, mimi nibebe bendera na tepu.

Kwanza eneo la kuangukia. Kanuni inasema nyuzi 34.92, namba inayotisha, lakini kiwanjani huhitaji kipimapembe. Siri ni kwamba upana kati ya mistari miwili ni asilimia 60 ya umbali kutoka katikati ya duara. Mita 10, upana 6. Mita 15, upana 9. Mita 20, upana 12. Funga kamba mbili kwenye ule msumari wa katikati, zivute mita 20 kila moja, tanua mpaka ncha ziachane mita 12, pigilia vigingi. Kwa vijana wa shule mita 15 na 9 zinatosha. Hakikisha mstari wa kati wa eneo unapita katikati ya ubao wa mbele. Mistari ni ya sentimita 5 na mpaka halisi ni ukingo wake wa NDANI, kwa hiyo tufe likigusa chokaa, limetoka.

Chora pia mistari miwili ya sentimita 75 nje ya duara, kushoto na kulia, inayogawa nusu ya mbele na ya nyuma. Bila hiyo huwezi kuamua nani katokea mbele.

Sasa bendera nyekundu. Mtazamaji wa nyumbani anafuata tufe, mwamuzi anafuata miguu. Makosa yanayoua majaribio mengi ni haya: kukanyaga juu ya ubao (kuusukuma kwa upande wa ndani kunaruhusiwa, juu hapana), kugusa juu ya pete au ardhi ya nje, kutoka kabla tufe halijatua, na kutokea nusu ya mbele. Hili la mwisho linawaumiza sana wanafunzi. Tufe limekwenda mbali, kijana anafurahi, anakimbilia mbele kuangalia alama yake. Faulo. Mguu wa kwanza unaogusa nje lazima uwe nyuma kabisa ya ule mstari wa sentimita 75.

Na mkono: tufe linasukumwa kutoka begani kwa mkono mmoja. Linaanza likigusa shingo au kidevu, au likiwa karibu navyo, na mkono haushuki chini ya hapo wala tufe halipelekwi nyuma ya mstari wa mabega. Anayelitupa kama jiwe la kuangusha embe amefanya faulo, hata kama miguu yake ni malaika.

Kosa la waamuzi wapya ni kupandisha bendera nyeupe, ya kukubali jaribio, tufe likitua tu. Subiri. Nyeupe inapanda mshiriki akishatoka vizuri kwa nyuma. Hata wale wenye kijiti cha kuonyesha tufe lilipotua kule mbele wasubiri bendera kabla ya kuvuta tepu, lakini kijiti wakichomeke mapema, na alama isifutwe mpaka kipimo kiandikwe.

Waamuzi wawili hapa kwenye duara ndio wanaofaa, mmoja upande wa mkono unaosukuma anaangalia shingo na bega, mwingine upande wa pili anakodolea ubao macho. Mtu mmoja hawezi kuona vyote viwili. Rafu au upendeleo unaolalamikiwa mara nyingi ni hilo tu.

Kupima sasa. Sifuri ya tepu inakaa kwenye ALAMA, kwenye ukingo wake ulio karibu zaidi na duara, si katikati ya shimo. Kwenye udongo wetu mlaini wa mfinyanzi tufe linachimba, shimo lina upana wa kiganja, ukipima katikati umempa mtu sentimita 5 au 6 za bure. Kisha tepu inavutwa mpaka kwenye msumari wa katikati, na kipimo kinasomwa pale inapokatiza ukingo wa ndani wa ubao au wa pete.

Kwa nini hadi katikati? Kwa sababu wavivu wanashika tepu katikati ya ubao kila mara, popote tufe lilipoangukia. Tufe lililotua mita 11.00 karibu na mstari wa pembeni, ukilipima hivyo utasoma 11.05. Aliyesukuma 11.03 ya katikati kabisa, ambayo haibadiliki, atashindwa na mtu ambaye yeye ndiye amemzidi. Hesabu ni ileile hata kwa mita 18, kosa ni sentimita tano. Rudi sasa kwenye zile sentimita tatu za Muñoz na Fabbri.

Tepu iwe ya chuma. Ya kitambaa inavutika, na ikilowa inavutika zaidi. Kipimo kinashushwa hadi sentimita kamili: 11.478 inaandikwa 11.47, haipandishwi hata ikiwa 11.479.

Muda ni dakika moja tangu mwamuzi aonyeshe duara liko tayari. Zikibaki sekunde 15 pandisha bendera ya njano. Ndani ya dakika hiyo kijana akiona ameanza vibaya, na hajafanya kosa lolote, anaruhusiwa kusimama, kuliweka tufe chini, kutoka kwa nyuma na kuanza upya. Wengi hawajui wanalazimisha.

---

Mdadisi_Mafinga

@BenderaMbili_Iringa mkuu, umesema kugusa juu ya pete ni faulo moja kwa moja. Kwa wanaozunguka si hivyo tena. Mguu ukigusa juu ya pete au nje, nyuma ya ile mistari ya pembeni, wakati wa mzunguko wa kwanza, na mguso huo haukumpa nguvu ya kujisukuma, hauhesabiwi kosa. Ndiyo maana kwenye marudio ya picha unaona kisigino kinaparuza pete kwa nyuma na nyeupe inapanda.

---

BenderaMbili_Iringa

Kweli kabisa, nimepokea. Nusu ya nyuma, mzunguko wa kwanza, bila kujisukuma. Kwa mbele na kwenye ubao hakuna msamaha. Kwa shindano la shule mwalimu waeleze waamuzi wako kabla, la sivyo mmoja atakataa na mwingine atakubali.

---

Mdadisi_Mafinga

Nimalizie swali la mpangilio na kulingana.

Kwenye mashindano ya dunia na Olimpiki kuna mchujo kwanza. Kila mtu anapewa majaribio matatu, na kuna kiwango kimewekwa, siku hizi kinazidi mita 21. Ukikifikia kwa jaribio la kwanza unavaa koti unaondoka. Wasipotimia 12, wanajazwa kwa matokeo mazuri yanayofuata. Matokeo ya mchujo hayahamii kwenye fainali, wote wanaanza sifuri. Fainalini utaratibu wa kawaida ni majaribio matatu kwa wote, kisha nane bora wanaongezewa matatu, wakirusha kwa mpangilio wa kinyume ili anayeongoza arushe mwisho. Kanuni za shindano husika zinaweza kupunguza watu zaidi raundi za mwisho, kwa hiyo andikeni zenu mapema mzibandike ukutani.

Kwa shule: washiriki 20 mara majaribio matatu ni 60. Dakika moja na nusu kwa kila jaribio pamoja na kupima, hiyo ni saa moja na nusu. Nane bora mara tatu ni 24 zaidi, nusu saa na kitu. Mkianza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, mnamaliza kabla ya mvua ya mchana.

Wakilingana, angalia jaribio la pili kwa ubora la kila mmoja. Likilingana, la tatu, hivyohivyo. Mfano wa kufundishia ni mashindano ya dunia ya Doha 2019. Tomas Walsh wa New Zealand alifungua na 22.90 raundi ya kwanza akakaa juu mpaka raundi ya sita. Joe Kovacs akasukuma 22.91, Crouser akaja na 22.90. Walsh na Crouser sawa kwa sentimita, Crouser akachukua fedha kwa sababu jaribio lake la pili kwa ubora lilikuwa kubwa. Paris 2024 tena, Kovacs na Rajindra Campbell wa Jamaika wote 22.15, Kovacs akapewa fedha kwa njia hiyohiyo.

Hapa kuna tabia inayowaponza vijana. Wanaona mabingwa wakisukuma vibaya wanatoka kwa mbele makusudi ili jaribio lisiandikwe, nao wanaiga. Bingwa ana majaribio mengine mazuri mfukoni. Mwanafunzi mwenye jaribio moja halali na faulo tano akilingana na mwenzake hana cha kulinganishwa. Kila jaribio halali liandikwe, hata likiwa baya.

---

KocheUyole

Nimekuwa nasoma tu, sasa mmefika kwangu.

Kuzunguka au kuteleza? Kwa dunia jibu limeshatoka. Rekodi ya dunia, 23.56 ya Crouser ya Mei 2023 Los Angeles, ni ya kuzunguka. 23.51 aliyochukulia ubingwa Budapest mwaka huohuo, kuzunguka. Aliyeteleza mbali kuliko wote ni Ulf Timmermann wa Ujerumani Mashariki, 23.06 mwaka 1988, na tangu hapo wa kuteleza wamepungua kila fainali.

Lakini kwa kijana mwenye miezi mitatu ya maandalizi, kwenye duara jipya, mfundishe kusukuma akiwa amesimama kwanza, kisha kuteleza. Kuzunguka kunahitaji marudio mengi mno kabla mwili haujajua tufe liko wapi, na wa wiki sita anafanya faulo nne kati ya sita. Anaweza kusukuma mbali zaidi mazoezini na bado akatoka shindanoni bila kipimo hata kimoja. Mwenye kasi ya asili na mwili mfupi ndiye nitakayemjaribu kuzunguka, tena mwaka unaofuata.

Kushika: tufe linakaa kwenye mashina ya vidole, si kiganjani. Vidole vitatu vya kati nyuma yake, gumba na kidole cha mwisho vinalizuia pembeni tu. Liweke kwenye shimo la shingo chini ya taya, juu ya mtulinga, kiwiko kimeinuka na kutazama nje. Kiwiko kikishuka, msukumo unageuka kuwa utupaji. Hapo ni faulo, na ni kiwiko cha kuuma usiku. Hilo ndilo kosa namba moja la mashuleni, na chanzo chake mara nyingi ni tufe zito kuliko umri.

Mguu wa mbele (wa kushoto kwa anayetumia kulia) ndio unaosahaulika. Ukifika kwenye ubao unakaza kama nguzo, na mwili unajibamiza juu yake. Ukilegea goti, nguvu yote iliyotoka mguu wa nyuma inamwagika mbele na kijana anaangukia nje ya ubao. Ukiona mtu anafanya faulo za ubao kila mara, usimkaripie juu ya ubao, tazama goti la kushoto.

Pembe: walimu wa fizikia watawaambia nyuzi 45. Kwa tufe si hivyo, kwa sababu linaachiwa juu ya ardhi kwa mita mbili na zaidi, na pia mwili una nguvu zaidi ukisukuma mbele kuliko ukisukuma juu. Warushaji wakubwa wako kati ya 35 na 40. Kwa hesabu ya haraka, tufe linaloachiwa kwa mita 14 kwa sekunde, nyuzi 37, urefu wa mita 2.2, linakwenda karibu mita 21.8. Punguza pembe nyuzi tatu, unapoteza kama sentimita 40. Ongeza kasi nusu mita kwa sekunde, unapata mita 1.4. Kwa hiyo muda wa mazoezi utumie kwenye kasi ya miguu, pembe irekebishe kwa kufunga kamba kati ya milingoti miwili mbele ya duara na kumwambia apitishe tufe juu yake.

Misukumo 20 hadi 30 kwa kipindi, siku tatu kwa wiki, inatosha kwa umri huo. Zaidi ya hapo mkono unaanza kudanganya.

Kuhusu mwinuko wetu: wapo wanaosema Mbeya hewa nyepesi inabeba tufe. Kwa tufe faida ni sentimita chache tu, chuma hakijali hewa. Kinachobeba tufe huku ni mteremko.

---

Fundi_Makambako

Na huo mteremko usiuchukulie kirahisi. Kanuni ni kushuka kusizidi 1 kwa 1000 kuelekea upande wa kurushia, yaani sentimita 2 tu kwa mita 20. Kiwanja kikishuka sentimita 5 kila mita, jambo la kawaida milimani, tufe la mita 12 linatua sentimita 60 chini zaidi na linaongezeka kama nusu mita. Geuzeni duara litazame upande uliolala sawa, au litazame kukatiza mteremko na mchonge udongo. Pimeni kwa mpira wa maji unaoonyesha, huu wa mafundi wa msingi: ncha moja kwenye duara, nyingine mita 15 mbele. Jicho linadanganya sana kwenye milima, sehemu inayoshuka inaonekana tambarare.

---

MwlMichezo_Rungwe

Wakuu mmenifungua macho, ndaga fijo, asanteni sana. Mawili yamebaki. Matufe ya chuma tuliyonayo ni mawili, moja limeandikwa kilo 7.26. Kuna pendekezo tufinyange mengine ya zege kwa ajili ya mazoezi. Na kuna wazazi wanataka wavulana warushe lile la 7.26 "kama Tokyo".

---

KocheUyole

Kilo 7.26 ni ya wanaume wakubwa. Walio chini ya miaka 20 wanatumia kilo 6, chini ya 18 kilo 5. Wasichana chini ya 18 ni kilo 3, na kilo 4 kuanzia hapo kwenda juu. Umri wa kijana usomwe kwenye cheti chake cha kuzaliwa, kimo kisiwadanganye. Ukimpa wa miaka 16 tufe la 7.26, utaona kiwiko kinashuka jaribio la pili.

Zege sikubaliani nalo kwa uzito mkubwa. Tufe la wanaume linatakiwa kipenyo cha milimita 110 hadi 130. La chuma la 7.26 linatoka kama milimita 121 hadi 124. La zege la uzito huohuo linafikia karibu milimita 180, ukubwa wa kichwa cha kabichi changa. Halikai kwenye vidole, kijana anajifunza kulibeba kwa kiganja, na kuifuta tabia hiyo ni kazi ya mwaka. La zege la kilo 4 nalo ni milimita 147, bado kubwa mno. Afadhali vijana sita wapokezane tufe moja halali. Zege litumike kwa kurusha kwa mikono miwili kutoka kifuani au nyuma juu ya kichwa, kujenga nguvu tu.

Na yale mawili mliyonayo yapimeni. Maandishi si uzito. Tufe lililokaa kwenye stoo yenye unyevu linakula kutu linapungua, na la 7.26 haliruhusiwi kuwa chini ya kilo 7.260 hata kidogo. Mizani ya wauza viazi haifai, inaruka gramu 50 hadi 100. Tafuta ya kielektroniki ya duka la nafaka iliyogongwa muhuri wa vipimo.

---

BenderaMbili_Iringa

Niongeze machache ya siku yenyewe kisha niwaachie.

Glavu haziruhusiwi. Plasta ya vidole inaruhusiwa mradi vidole visifungwe pamoja vikashindwa kucheza kimoja kimoja, na aonyeshe kwa mwamuzi mkuu kabla ya kuanza. Chaki ya mikononi na shingoni sawa. Kunyunyiza chochote kwenye sakafu ya duara au kwenye soli, hapana. Wekeni gunia kavu nyuma ya duara la kufutia viatu na tambaa la kufutia tufe. Tufe lenye tope linateleza shingoni, kijana analiachia mapema, linakwenda pembeni.

Eneo la kuangukia litifuliwe juu juu sentimita tatu au nne na kunyunyiziwa maji kidogo kama ni kiangazi. Kwenye vumbi kavu tufe linadunda na kubingirika, alama ya kwanza haionekani, kila mtu anaonyesha yake. Likiwa tope zito, lisawazisheni kwa reki kila raundi.

Tufe linarudishwa kwa kubebwa. Halirushwi kurudi, halibingirishwi kwa teke. Na hakuna mtu anayegeuza mgongo akiwa ndani ya mistari, pamoja na mwenye kijiti.

---

MwlMichezo_Rungwe

La mwisho kabisa: mvua ikianza katikati ya raundi ya tatu, nane bora bado hawajapatikana?

---

BenderaMbili_Iringa

Simamisha, funika duara kwa turubai, andika aliyekuwa wa mwisho kurusha. Mkirudi kausha sakafu, wape nafasi ya kupasha mwili, endelea na mshiriki anayefuata. Yaliyoandikwa yanabaki. Usianzishe raundi upya kwa sababu waliorusha kwenye sakafu kavu watakulalamikia, na watakuwa na haki.

---

Fundi_Makambako

Na kabla ya kufunika, chungulia vile vitundu vitatu. Kwa kawaida kimoja kimezibwa na majani ya mkaratusi.